Mpiga Dawa na Wadudu wa Mtama

Kwa miaka kumi na tisa, mtu akiona majani ya mtama wake yamejikunja au mahindi yake yametobolewa, hakuumiza kichwa. Alituma ujumbe kwa Bwana Bomba. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limeshasahaulika kwa wengi. Hata mwenye duka la pembejeo alimwita hivyo mbele za watu, naye akaitika bila kinyongo. Alikuwa mwembamba, mabega yameinamia mbele kwa kubeba bomba la lita kumi na sita mgongoni, na alijivunia jambo moja tu: hakuwahi kutoka shambani mwa mtu akaacha mstari ambao haujapata dawa.

Kazi hiyo ilikuwa na masharti yake nyumbani. Nguo za kazi zilitundikwa kwenye msumari nyuma ya nyumba, hazikuingia ndani. Zilikuwa na beseni lake la kufulia, na mkewe aliwatangazia binti zao wawili tangu wadogo kwamba atakayeligusa atakiona cha mtema kuni. Baba akirudi jioni, watoto hawakumkimbilia. Walisimama mlangoni wakimpungia mkono mpaka aoge na kuvaa shati safi, ndipo wamrukie. Binti hao sasa wameolewa na wana nyumba zao, lakini wakija kusalimia utawaona bado wanasita kidogo mlangoni, kwa mazoea tu.

Kilichomtoa kazini kilimkuta katika shamba la shemeji yake, mdogo wa kiume wa mkewe, asubuhi moja yenye upepo usioeleweka. Alikuwa katikati ya mstari wa saba upepo ulipogeuka na ukungu wote wa dawa ukamrudia usoni. Hakujali. Mara ngapi yalikuwa yamemkuta hayo? Alijifuta kwa mkono wa shati akaendelea. Mistari miwili mbele, macho yakaanza kuona kiza, mate yakamjaa mdomoni kama mtu aliyelamba ndimu, na misuli ya mikono ikawa inaruka-ruka yenyewe. Shemeji alikuwa amekaa ukingoni akinoa jembe, akasikia kishindo cha bomba likigonga ardhi. Alimvua shati, akammwagia ndoo mbili za maji, akamfikisha zahanati juu ya pikipiki ya jirani, amembana katikati kama gunia.

Daktari wa zahanati alikuwa mama mmoja mnene asiyependa maneno mengi. Alimlaza siku nne. Siku ya kumruhusu alimwita yeye na mkewe ofisini.

"Kazi hii umeanza lini, baba?"

"Mwaka wa kumi na tisa huu."

"Usoni ulikuwa unavaa nini?"

"Kofia."

Daktari akamtazama mke. Mke akatazama dirisha.

"Sikiliza. Mwili wako umechoshwa na sumu. Siku utakayoshika bomba tena, hapa usije. Pitia moja kwa moja kwa mchimba makaburi, utuokolee muda."

Mkewe ni fundi cherehani. Cherehani yake iko chumba cha mbele, chini ya dirisha, na pembeni kuna meza ya kukatia vitambaa ambayo haijawahi kuonekana uso wake kwa wingi wa nguo za watu. Katika chumba hicho mume wake alikaa siku tano akipona, na katika siku hizo tano alitaka kusaidia. Alipanga vifungo kwa rangi. Mkewe alikuwa amevipanga kwa ukubwa. Alikunja vipande vya vitambaa vilivyokuwa vimeachwa wazi makusudi. Alimkaribisha kila mteja na kumsimulia ugonjwa wake tangu upepo ulivyogeuka mpaka sindano ya mwisho. Siku ya sita mke alisimamisha cherehani.

"Baba watoto."

"Naam."

"Kule nyuma kuna mtama haujakuona tangu uugue. Nenda ukautazame. Kutazama tu, usishike kitu. Ukirudi uniambie ulichoona."

Alicheka, lakini alikwenda. Ukweli ni kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kulitazama shamba zaidi ya muda wa kuamua ni dawa gani iingie kwenye bomba.

Shamba lao ni nusu eka, limepakana na la shemeji, na mfereji mwembamba ndio mpaka. Mtama ulikuwa umefika kifuani. Aligeuza jani la kwanza. Chini ya jani walikuwa wamejaa vidukari, wale wadudu laini wadogo kama punje za ufuta wanaofyonza maji ya mmea, wamebanana kiasi kwamba jani lenyewe halikuonekana. Majani ya chini yalikuwa yanang'aa na kunata kwa utamu wanaoutoa. Aligeuza jani la pili, la tatu, la kumi. Hali ni ile ile.

Shemeji alikuwa upande wa pili wa mfereji. "Umewaona?" akauliza. "Na kwangu wamejaa vivyo hivyo. Nimeazima bomba. Alhamisi napiga kwangu, nitawapigia na ninyi. Wewe kaa ndani tu."

"Utakuwa umetutendea wema, shemeji."

Aliporudi nyumbani alimweleza mkewe alichoona, naye akaja kushuhudia mwenyewe, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Yeye ana macho ya kuona uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi.

"Na hawa?" akauliza, akionyesha kwa ncha ya kidole.

Juu ya jani, kati ya vidukari, alikuwepo mdudu mwingine: mrefu kiasi cha ukucha wa kidole kidogo, mweusi, ana mabaka ya rangi ya chungwa, miguu sita mbele na mkia uliochongoka, kama mamba aliyenyimwa kimo.

"Hao ndio wabaya zaidi," Bwana Bomba alijibu. "Sisi wapiga dawa tunawaita mama wa vidukari. Ukiwaona hao, jua shamba limekwisha."

"Mbona mama hafanani na watoto hata kidogo?"

Jina hilo hakulitunga yeye. Ndilo alilofundishwa na aliyemfundisha kazi, naye hakuwahi kuuliza. Lakini swali lilimkwama. Alikata jani lile pamoja na wadudu wake, akalitia katika chupa ya mdomo mpana, akafunika kwa kipande cha chandarua alichoombwa asikiguse jana yake, akaiweka dirishani karibu na cherehani. Kwa vile hakuwa na kazi nyingine, akavuta kigoda akakaa.

Mchana ule wote hakutoka pale. Mwanzoni mdudu mweusi alizunguka tu. Kisha akamkaribia kidukari mmoja, akamkamata, na pale pale akaanza kumla, kichwa kwanza. Bwana Bomba alisogeza pua mpaka kioo kikaingia ukungu.

"Anamla!"

"Nani anamla nani?" mke akauliza, mguu ukiwa kwenye kanyagio.

"Mama anamla mtoto!"

"Basi si mama."

Aliomba kipande cha chaki ya kukatia nguo, akawa anachora mstari kwenye ukingo wa dirisha kila kidukari alipoliwa. Kufikia wakati wa chakula cha jioni mistari ilikuwa thelathini na nne. Mkewe alimwambia aje kula, akasema anakuja. Alimwambia mara ya pili. Mara ya tatu alimletea sahani pale pale kigodani, akasimama nyuma yake akatazama naye, na wote wawili wakamwona yule mdudu akimaliza wa thelathini na tano na kujifuta mdomo kwa miguu ya mbele.

"Ana adabu kuliko wewe," mke akasema.

Asubuhi alikwenda shambani na kuwahesabu mamba wale wadogo. Katika mstari mmoja tu alikuta arobaini na kitu. Aliwaona na wengine ambao macho yake yaliwapita miaka yote: funza wa kijani wasio na miguu waliolala katikati ya vidukari wakiwafyonza bila haraka, mayai meupe yaliyosimama juu ya vinyweleo vyembamba kama vichwa vya pini, buibui waliotandaza nyavu kati ya bua na bua, na vimende vyekundu vyenye madoa meusi ambavyo watoto hupenda kuvitembeza mkononi. Shamba halikuwa la vidukari peke yao. Lilikuwa na watu wake, wako kazini.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Jioni alivuka mfereji kwenda kwa shemeji, akamkuta anakagua mpira wa bomba la kuazima.

"Shemeji, kesho kwetu usipige."

"Una nini? Homa imerudi?"

"Sina homa. Kuna wadudu mle wanaokula vidukari. Ukipiga dawa watakufa wote, wezi na walinzi."

Shemeji aliweka mpira chini taratibu. Ni mtu mpole, lakini siku hiyo sauti ilipanda. "Wewe! Umepiga dawa mashamba ya mji mzima. Kwangu umepiga mara sita. Leo umelazwa siku nne, umeamka na dini mpya?"

"Sisemi la kwako. Nasema la kwetu."

"Na vidukari wenu wakivuka kuja kwangu?"

Bwana Bomba aliona swali ni la haki. Mwishowe walikubaliana kwa shingo upande: shemeji atapiga kwake, ila ataacha mistari minne inayopakana na mfereji, na atapiga alfajiri kabla upepo haujaamka. "Na ukinawa, nawa kwa sabuni," Bwana Bomba akaongeza. "Na ujifunge kitambaa puani. Mimi sikujifunga."

Siku kumi zilizofuata zilikuwa ndefu. Ng'ambo ya mfereji mtama ulitakata, majani yamekauka unato, hata panzi huoni. Kwao mambo yalizidi kuharibika. Ukungu mweusi kama masizi ukaota juu ya ule utamu, na kwenye pembe ya mbali, karibu na njia, mabua kadhaa yakaanza kunyauka. Watu waliopita njiani walipunguza mwendo. Mmoja aliuliza kwa sauti kama ni kweli Bwana Bomba ameshindwa kupiga dawa shamba lake mwenyewe. Naye usingizi ulimpungua. Alijua mtama ule ndio chakula chao cha miezi, na kwamba kwa sasa nyumba nzima imekaa juu ya sindano ya mkewe.

"Nikiwa nimekosea?" alimwuliza siku moja, mke akiwa anashona pindo la gauni.

Mke hakuinua macho. "Utakuwa umekosea kwetu, si kwa mtu. Na ulipokuwa ukirudi unanuka sumu, mimi nilikuwa nakosea kila siku kunyamaza. Ngoja wiki moja zaidi."

Siku ya kumi na moja alipogeuza jani aliona kitu kipya. Vidukari wengi walikuwa wamevimba, wamegeuka rangi ya kahawia kama makapi, wala hawakutikisika alipowagusa. Wengine walikuwa na tundu dogo mgongoni, la mviringo kabisa, kama lililotobolewa kwa sindano. Hakuelewa. Akaogopa kwamba ni ugonjwa, na kwamba utaingia kwenye mtama. Akamtafuta bibi shamba, afisa kilimo wa kata.

Bibi shamba alikuwa binti mrefu, mgeni kidogo katika eneo lile, anayeendesha pikipiki na mabuti yake yana tope mwaka mzima. Alifika kesho yake, akapiga magoti kati ya mistari, akatoa kioo cha kukuzia alichokifunga shingoni kwa kamba ya kiatu. Alitazama muda mrefu. Kisha akamkabidhi Bwana Bomba kioo.

"Baba, shamba hili nani amelipiga dawa?"

"Hakuna."

"Hakuna hata mtu mmoja?"

"Niliyekuwa nalipiga ni mimi, na mimi nimekatazwa."

Akatabasamu. "Hawa waliovimba wamekufa. Kuna nyigu mdogo sana, ukimwona bila kioo utadhani ni vumbi. Anamchoma kidukari na kutaga yai ndani yake. Mtoto wa nyigu anakulia humo humo, anamla kwa ndani, akishakua anatoboa tundu anatoka. Na hawa weusi wenye mabaka ndio watoto wa vile vimende vyekundu. Wakikua wanabadilika kabisa. Watu wengi wanawaua kwa kudhani ni waharibifu."

Bwana Bomba alibaki amekishika kioo. Ndani yake aliona tundu moja likisogea, kisha kitu chembamba chenye mbawa kikajivuta nje, kikajinyoosha, kikaruka. Alikaa chini pale pale udongoni.

"Nikuulize jambo, mwanangu. Nilikuwa nikipiga dawa, shamba linasafika. Baada ya wiki tatu wananiita tena. Vidukari wamerudi, wengi kuliko mwanzo. Nilikuwa nasema dawa imeisha nguvu, niongeze kipimo. Kumbe…"

"Vidukari huzaliana upesi, baba. Wanaowala hurudi polepole."

"Kumbe nilikuwa nafukuza askari, halafu naitwa kwa sababu wezi wamezidi." Alifikicha macho. "Miaka kumi na tisa."

Bibi shamba hakumfariji kwa maneno matamu. Alikaa naye chini, akakunja magoti. "Hukujua," akasema. "Na waliokuuzia dawa hawakukwambia. Sasa umejua, na una macho mazuri. Mimi nina kata nzima na pikipiki moja."

Katika wiki mbili vidukari wa shamba lile waliisha kama moshi. Hawakuisha wote, lakini waliobaki walikuwa wa kuhesabika, na mtama ukatoa vichwa. Ile pembe iliyonyauka haikupona. Waliikata wakawapa mbuzi wa jirani.

Ng'ambo ya mfereji, wiki ya tatu tangu dawa ipigwe, vidukari wakarudi. Shemeji alikuja jioni, akasimama mlangoni kwa dada yake akichezea kofia.

"Shemeji," akasema, "njoo utazame."

Dada yake akadakia: "Unamwita yupi? Yule mwenye dini mpya?"

"Dada, niache. Nimekuja na aibu yangu mwenyewe, usiniongezee."

Bwana Bomba hakucheka, ingawa alitamani. Alivuka, akageuza majani. Katikati ya shamba hakukuwa na kitu ila vidukari. Lakini katika ile mistari minne iliyoachwa bila dawa, mamba wadogo walikuwepo, na makapi ya kahawia yalikuwepo. "Watasogea wenyewe," akasema, "ila tuwasaidie mwendo." Kwa siku tatu yeye na shemeji walikata majani yenye vidukari waliovimba na yenye vimende, wakayatia katika kapu la vitambaa la mkewe, wakayafunga kwa vipande vya uzi kwenye mabua ya katikati, bua moja kwa kila hatua kumi. Wapita njia walipata la kusimulia: watu wazima wawili wanafunga majani makavu kwenye mtama.

Nusu ya shamba la shemeji ilipona vizuri. Upande wa mwisho, wa mbali na mfereji, walinzi wale walichelewa kufika na vichwa vikatoka vyembamba. Shemeji alivuna pungufu, lakini alivuna. Siku ya kupura alileta debe moja la mtama kwa dada yake, akasema ni la cherehani iliyowalisha msimu ule, si la mtu mwingine.

Habari zikaenea, kama zinavyoenea. Watu waliokuwa wakimwita Bwana Bomba aje na bomba wakaanza kumwita aje na macho. Hupita asubuhi umande ukiwa haujakauka, anageuza majani ishirini hapa, ishirini pale, anahesabu kwa midomo, kisha anasema alichoona. Bibi shamba alimwombea kioo cha kukuzia ofisini kwake. Kilipofika, alikivaa shingoni nje ya shati wiki nzima, mpaka mkewe alipomwambia anafanana na mwanafunzi aliyepewa uongozi wa darasa.

Si kila mahali huleta habari njema. Msimu uliofuata aliitwa na mjane mmoja mwenye mahindi nyuma ya kiwanda cha matofali. Huyu alikuwa mteja wake wa zamani. Mahindi yalifika magotini, na ndani ya kila moyo wa mmea walikuwemo viwavi wanene, kinyesi chao kimejaa kama unga wa mbao. Bwana Bomba alitafuta marafiki kwa saa nzima. Aliona buibui wachache, nyigu mmoja mwenye kiuno chembamba akiondoka na kiwavi mdogo, sisimizi kadhaa. Basi.

"Niambie ukweli," mjane akasema. "Nimesikia wewe sasa hutaki dawa."

"Mama, mimi sitaki watu wapige bila kutazama. Hapa nimetazama. Walinzi ni wachache na adui ameshaingia ndani. Ukiwangoja, mahindi hutayaona."

"Kwa hiyo nipige?"

"Mashina mia tatu ya upande huu tuyatoe viwavi kwa mkono, mimi na wewe, leo na kesho. Upande ule ulioliwa sana, tafuta mtu apige, aingize dawa kwenye moyo wa mmea peke yake, asirushe hewani. Avae kitu usoni, na mimi nitakaa mbali. Na kile kichaka cha maua pembeni usikifyeke. Wale nyigu wanalala humo."

Mjane alitazama kichaka alichokuwa amekipangia moto. "Nilidhani ni uchafu," akasema. Akaenda kuleta makopo mawili, la kwake na la mgeni, akatia maji na sabuni humo ili viwavi wasipande kutoka. Waliinama, kila mmoja akashika mstari wake, wakaanza kuokota.